Bi. Kizee na Wageni Wake

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Leo nimekabidhiwa bahari nzima. Mkurugenzi! Ufunguo kiunoni, watu wananipisha kwenye korido.

Haya, basi. Nimekabidhiwa ufagio. Na bahari yenyewe ni matangi matatu ya kioo ndani ya chumba cha baridi, kwenye maabara anapofanya kazi mjukuu wangu. Lakini ufunguo ni wa kweli, na kiuno ni changu.

Nje jua linakaanga watu. Ndani baridi tamu kama alfajiri. Nimepata pa kulala mchana!

Mjukuu kanionyesha matumbawe yake. Si yale ya juani. Haya yanaishi chini kabisa, gizani, kwenye maji baridi, yanadaka makombo kwa vijikono. Moja ni la zamani kuliko ukoo wetu wote. Nimelipa jina: Bi. Kizee. Mjukuu kasema tumbawe halipewi jina. Nikamwambia hata yeye alikaa wiki nzima bila jina, na kulia alilia vilevile.

Nimempa Bi. Kizee shikamoo. Sijamwamkia mtu hivyo tangu nilipomzika dada yangu mkubwa.

Jumanne, tarehe 5
Nimesomeshwa na mjukuu. Mimi wa darasa la nne! Moshi wa dunia unapaa, bahari inaumeza, maji yanachachuka, tena yanapata joto. Kwa hiyo tangi la pili kalichachusha makusudi. La tatu kalichachusha na kulipasha moto juu yake. La kwanza, kwa Bi. Kizee, kaliacha kama bahari ilivyo leo, apate cha kulinganishia. Humo pampu ndogo inavuta hewa ya chumbani na kuipuliza majini.

Ajabu yake hii: kwenye maji machachu tumbawe hai linajikaza, linaendelea kujenga polepole. Yanayoliwa ni matawi yaliyokufa huko chini, ambayo ndiyo yanayolibeba. Yanatoboka, yanavunjika, mwenye nyumba anaanguka na nyumba yake. Nikatazama magoti yangu. Juu nacheka, chini mchwa.

Kwa ajili ya magoti hayohayo nimeingiza jiko dogo la mafuta, ndani ya ndoo ya kudekia. Fundi wa mashine za baridi kalikuta. Mimi namwita Bisibisi. Akasema atanishtaki. Nikamwambia akae kwanza tucheze dama. Akakaa. Akafungwa. Na mlango tuliufunga vilevile, baridi isitoroke. Sisi si watu wa hasara.

Jumatano, tarehe 6
Msiba! Tangi la Bi. Kizee limeanza kuchachuka lenyewe. Kuna kipimo chenye namba. Maji yakichachuka, namba inashuka, nayo inashuka. Vijikono kavikunja vyote.

Mjukuu hajala. Mkubwa wake kamwambia asipojua sababu hadi Ijumaa, utafiti unasimama na matangi yanamwagwa. Miaka miwili ya kazi! Nikauliza, na Bi. Kizee je? Jalalani, akajibu, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Nikatangaza kwamba mchawi ni Bisibisi na mashine zake. Bisibisi kasema mchawi ni mimi na sabuni yangu. Tukatukanana mpaka tukafika kwa mababu, tukamalizia kwa dama.

Mchana kutwa nimekaa na Bi. Kizee, uso wangu karibu na pampu, nikimbembeleza. Namba ikazidi kushuka. Masikini, anaumwa kweli.

Alhamisi, tarehe 7
Nimegundua! Upweke! Mtu wa umri ule, kioo pande zote, nani asiugue? Dawa ya mtu ni watu. Wakati wa mapumziko nikawaleta mlinzi, mpishi wa kantini na mama wa mapokezi, na Bisibisi juu yao. Jiko tumewasha, birika limechemka, mlango tumefunga, tukaimba. Mlinzi ana sauti ya lori linalopanda mlima.

Mlango ukafunguliwa. Mjukuu! Akatutazama sisi, jiko, pampu, kipimo. Namba ilikuwa inaporomoka mbele ya macho yetu.

Akakaa sakafuni. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Kisha akalia, kisha vyote pamoja. Kasema hewa tunayoitoa puani ni ileile iliyo kwenye moshi, na hilo jiko ndiyo usiseme. Pampu inaivuta yote na kumnywesha Bi. Kizee. Kasema, babu, mmetengeneza dunia nzima humu ndani kwa birika moja!

Kisha tukatimuliwa. Mimi na ndoo yangu mbele.

Ijumaa, tarehe 8
Namba imepanda yenyewe! Bi. Kizee kafungua vijikono, kwanza kimoja, kama mtu anayechungulia kama wageni wameshaondoka. Mkubwa kakubali. Vipimo tulivyoviharibu vitatupwa, utafiti unaendelea. Mjukuu kala sahani mbili.

Mimi nimenyang'anywa ufunguo. Mjukuu alipouchukua alinishika mkono, akaushika muda mrefu kuliko ufunguo unavyotaka.

Nimeapa mbele yake: sitapumua tena karibu na tumbawe.

Jumamosi, tarehe 9
Bisibisi kapitisha bomba ukutani, sasa pampu inavuta hewa safi ya nje. Nikazunguka nyuma ya jengo kulitafuta. Lipo! Kivulini, usawa wa mdomo wangu kabisa! Nimeweka kiti. Naamini ukiongea pale sauti inafika hadi kwa Bi. Kizee. Nimempa shikamoo na habari zote. Jiko nimelisogeza chini ya mdomo wa bomba, upepo usilizime. Bisibisi analeta dama. Mlinzi kaahidi kuimba.

Mjukuu wangu, najua huwa unaichungulia shajara hii ukija kunipikia. Ulipougua surua nilikubeba mgongoni mpaka ukapona, na sikukudai kitu. Leo nadai. Kidogo tu. Jioni mtazame Bi. Kizee kwenye kioo, uje uniambie kama alifungua mikono nilipomwita.