Jeni ya Kapera

Jumatatu, 10 Juni

Nimegundua jeni! Mimi, Tong, niliyeambiwa na dada Ple, mwenzangu wa maabara, mbele ya watu kwamba siwezi kugundua hata mlango wa choo.

Nzi madume arobaini wa ukoo namba 47, kila mmoja kichupani mwake na jike mwanamwali. Nimewatazama saa nzima. Madume wanazunguka, wanatetemesha ubawa mmoja, ndio wimbo wao wa kutongoza, na majike wanawapiga mateke. Aliyekubaliwa? Hakuna. Sifuri! Maana yake wimbo umeharibika, na ulioharibika hivyo kwa ukoo mzima umeharibiwa na jeni. Sisi watu wa nzi wa matunda, anayegundua ndiye anayetoa jina. Nimeiita Kapera.

Ijumaa Mwalimu Wilaiwan anachagua mtafiti msaidizi. Nafasi moja, na tuko wawili: mimi na Ple. Nikikosa narudi kwetu Lampang kukaanga nguruwe kibandani kwa mama, ambaye ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari.

Jumanne, 11 Juni

Ple amenusa kitu. Kaniuliza majike niliwaokota saa ngapi. Nikamjibu asubuhi. Si uongo, saa nne ni asubuhi. Kanuni inasema nzi wote wakubwa wamwagwe chupani jioni, na majike wanaotoka usiku waokotwe kabla ya saa mbili asubuhi, la sivyo madume waliotoka nao chupa moja wanawawahi kuwapanda. Naijua kanuni. Lakini foleni ya uji wa mchele ilikuwa ndefu, na majike wangu walionekana watulivu kabisa.

Kisha akauliza kama nimewajaribu majike walewale na madume wa kawaida, ili kulinganisha. Mtego huo! Anataka nipoteze muda. Nikamwambia nitafanya. Sitafanya.

Sijala mchana. Anaijua Kapera? Nani kamwambia?

Jumatano, 12 Juni

Leo nimevificha vichupa vyote mahali ambapo Ple hawezi kupekua: ndani ya kijumba cha mizimu cha kitivo, kile cha uani tunachokiwekea sadaka, nyuma ya sanamu za tembo. Na kwa kuwa nilikuwa pale pale, nikaweka nadhiri. Nikipata kazi, mayai hamsini ya kuchemsha na soda nyekundu. Mizimu wa kitivo chetu wanapenda soda nyekundu.

Saa saba shangazi Bunma, mfagiaji, alipiga kelele iliyofika ghorofa ya tatu. "We Tong! Toka lini sadaka ikawa nzi? Wakikasirika hao, mimi simo!" Nikapiga magoti nikaomba radhi, kwake na kwa mizimu. Ple alikuwa dirishani anacheka hadi machozi. Vichupa nimevirudisha maabara. Madume wawili wamekufa kwa joto. Je, mizimu wamechukia? Nimeongeza mayai, yawe sitini.

Alhamisi, 13 Juni

Ple kaniletea kichupa cha majike wake. Eti, "Chukua hawa, mdogo wangu, nimewaokota saa kumi na mbili alfajiri. Rudia jaribio kabla ya kesho, usije ukaumbuka." Upole wote huo wa nini? Nimekataa kwa adabu. Nilipogeuka nikamwaga uji wa mahindi wa nzi kwenye viatu.

Mama kapiga simu kuuliza daktari huvaa koti la rangi gani.

Ijumaa, 14 Juni

Mwalimu Wilaiwan hakutaka hotuba. Nilikuwa nimeikariri yote! Alitaka kuona kwa macho yake, na akaagiza majike wa Ple, kwa kuwa wangu umri umewapita. Dakika ya nne, Kapera wa kwanza kapanda. Dakika ya kumi, wamefika kumi na saba. Nusu saa haijaisha, wote thelathini na wanane waliobaki hai wameshaoa.

Mwalimu akauliza niliwaokota saa ngapi wale wangu. Nikatazama sakafu. Ple naye akatazama sakafu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikasema saa nne.

Mwalimu akavua miwani. "Tong, mwanangu," akasema, "makapera wako hawana kasoro yoyote. Ulikuwa unawatuma wakatongoze wake za watu."

Kazi kapewa Ple. Nimelia stoo, nimelia kweli, mpaka shangazi Bunma akanipa kitambaa chake cha kufutia meza. Sijui mama nitamwambia nini. Kwa sasa nimemwandikia kwamba matokeo yamesogezwa kidogo.

Lakini nimekaa nikafikiri. Majike arobaini. Kila mmoja kaimbiwa saa nzima, chumba kimoja, hana pa kukimbilia. Hakuna hata mmoja aliyelegea. Hata mmoja! Hiyo ni tabia tu? Wapi! Jeni hiyo.

Nimeshaipa jina: Mke Mwema. Ple asijue.