Isale Niliyoifunga kwa Gazeti

Jamani, leo nimeaibika. Mbele ya Askofu, kwaya tatu na basi zima la watu wa parokia ya Mkuu! Ndiyo kwanza nimefika nyumbani, hata kanzu sijavua, nawaandikia mapadre wenzangu humu kundini kabla hamjasimuliwa na wengine. (Kwa umbeya, mapadre wastaafu hatuna mpinzani.)

Mnajua leo Padre Deo alikuwa anasimikwa kuwa paroko huku Kirua Vunjo. Mimi na Deo tuliishi nyumba moja kule Mkuu miaka sita, na huko nilimfanyia kosa. Kwa Mungu nililiungama zamani. Kwa Deo, thubutu!

Nikasema leo basi. Asubuhi nikakata jani la isale uani. Kwetu Uchaggani ukipelekewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Nikaifunga kwa gazeti. Mpango ulikuwa nimkabidhi kule sakristia, mapadre wanakovalia, kabla ya Misa, wawili tu, yaishe.

Nafika sakristia, Askofu yumo. Mapadre kumi na wanne wamo, wanagombania kioo kimoja. Nikarudi zangu kukaa kiti cha mbele nilichowekewa kwa ajili ya haya magoti, gazeti kwapani. Kwa muda wa saa tatu na nusu nzima!

Ukafika wakati wa zawadi. Mama mmoja mwenye kitenge cha sare, aliyekuwa anapanga foleni, akaliona gazeti.

"Shikamoo Baba. Mbona umekalia zawadi? Wazee hawapangi foleni!"

"Marahaba mama. Hii si zawadi."

"Baba, usione aibu. Hata kama ni ndizi mbili."

Akaninyanyua. (Yule mama ana mikono!) Nikajikuta mbele ya Deo. Na kama alivyofanya kwa kila zawadi, mama akalifungua gazeti, akainua kilichomo juu ili watu waone.

Kanisa zima likanyoosha shingo. Mchagga gani asiyeijua isale? Mshereheshaji (Mungu amsamehe, mimi bado) akanisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Baba Padre, hii ni ya kosa gani?"

Ningeweza kusema ni pambo. Lakini Deo alikuwa ananitazama, na msalaba ulikuwa juu ya kichwa chake. Nikashindwa kudanganya.

"Mbwa," nikasema.

"Mbwa gani?" Deo akauliza.

"Popi. Hakuliwa na chui kama nilivyokudanganya. Alitafuna viatu vyangu vya Pasaka, nikamgawa kwa dereva wa lori wa Himo."

Deo akakaa kitini. Yule mbwa alimlilia, jamani. Alimtolea mpaka mahubiri, nami nikiwa palepale natikisa kichwa kwa huzuni!

Mara nikasikia mabenchi ya nyuma yakilalamika. Watu wa Mkuu wanasimama. Nilikuwa nimewasahau kabisa. Mzee mmoja akaninyooshea fimbo.

"Padre! Tulishinda msituni siku mbili na mapanga, tunamsaka chui wako!"

"Mimi niliteguka mguu!" akadakia mwingine.

Askofu akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Deo akanyanyuka. Akaipokea isale kwa mikono miwili, akaikazia macho. Hapo niliogopa kweli, maana rafiki wa umri huu ukimpoteza humpati mwingine. Akainama sikioni kwangu.

"Huko Himo alitunzwa?"

"Alinenepa. Nilikuwa napita kumwona. Alikufa kwa uzee, kwa watu wema."

Akafuta macho, akanikumbatia mpaka miwani ikaniponyoka. Nami nikalia, sioni haya kuwaambia.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Natoka mlangoni, mzee wa fimbo ananisubiri na wenzake.

"Padre Deo amekusamehe la kwake," akasema. "La chui je?"

Nimewahesabu waliokwenda msituni. Kumi na saba! Kwa hiyo kesho, kwa magoti haya haya, napanda gari kwenda Mkuu na majani kumi na saba ya isale, nyumba kwa nyumba. Na yeyote atakayecheka humu, ajue mzee wa fimbo ameshaniuliza ni padre gani alimshika Popi miguu tulipokuwa tunampakia kwenye lori. Mpaka sasa sijamjibu.