Fahali Wawili, Chumba Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika chuoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlinzi hakunitambua, akaniuliza kama nimekuja kutengeneza bomba. Nimemsamehe.

Sababu ya kudamka: mkuu wa idara alinieleza kwamba vyumba havitoshi, hivyo nitakaa namba kumi na nne pamoja na mhadhiri mwingine. Mhadhiri mwingine ni Mrithi. Namwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyenishinda kwenye uchaguzi akachukua kiti changu cha urais. Muhula mmoja tu, naye akashindwa. Sasa sote tunafundisha demokrasia. Fahali wawili, zizi moja.

Meza ni mbili, moja dirishani, moja mlangoni. Nimeiwahi ya dirishani. Mrithi kaingia saa mbili, kanisalimu, kakaa mlangoni. Ushindi. Jua limenichoma kisogo mpaka saa saba.

Jumatano, 5 Machi
Somo la leo: kukubali kushindwa kwa heshima. Wanafunzi kumi na mmoja, mmoja amelala. Darasa la Mrithi, upande wa pili wa korido, limefurika hadi wengine wamesimama. Nimepita mara tatu nikijifanya natafuta choo. Anawasimulia siku aliyoshindwa, alivyojifungia bafuni akakataa kutoka. Wanacheka, wanaandika. Mimi sikujifungia bafuni. Nilijifungia stoo, na hilo halimhusu mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa idara katuita. Mama mpole, lakini kalamu yake haina huruma. Kasema kozi zetu zinafanana mno, kuanzia wiki ijayo itabaki moja. Wanafunzi watachagua kwa kura Jumatano.

Nilijitolea kulitunza sanduku la kura nyumbani kwangu, kwa usalama. Akanitazama juu ya miwani, akasema litakaa kwake, ahsante. Nikashauri basi wapige kura kwa kunyoosha mikono, mbele yangu. Mrithi akakohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu bungeni. Ni kicheko.

Jumapili, 9 Machi
Nyumba kimya. Mke wangu yuko kwa binti yetu tangu mjukuu azaliwe. Aliaga kwa wiki mbili, imetimia miezi mitano. Binti kapiga simu, kauliza kama nakula. Nikamwambia nina wageni wengi, siwezi kuongea sana. Akasema haya baba.

Zamani nikikohoa, watu watatu walikimbilia maji. Leo nimekohoa makusudi, nione. Jirani kafunga dirisha lake.

Kozi hii ikifutwa, Jumatatu sitakuwa na pa kwenda. Wala Jumanne.

Jumatatu, 10 Machi
Mrithi kaja na chupa ya chai. Kamimina vikombe viwili, kimoja kaniwekea mezani bila kuniuliza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama simu yangu nayo hailii siku hizi. Nikamjibu kwamba ya kwangu haipoi. Ili aamini, nikatoka koridoni nikaongea na simu iliyozimwa kwa robo saa nzima, nikitoa maagizo kuhusu daraja. Nilirudi mezani. Alikuwa amekifunika kikombe changu kwa kisahani, chai isipoe.

Sikuinywa mbele yake. Nilisubiri aende darasani.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya kura. Nimeingia darasani na pakiti nne za biskuti. Nimewaeleza vijana kwamba sizigawi kwa sababu yoyote, ila mtu mwenye shukrani hujulikana. Kiongozi wa darasa, binti mtaratibu sana, kanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hii si ndiyo mada yetu ya wiki ya tatu?"

Kwenye mtaala wangu, wiki ya tatu ni rushwa kwenye uchaguzi. Nikamjibu kwamba mfano hai husaidia ufahamu. Wakala biskuti zote.

Matokeo saa tisa. Mrithi thelathini na nane. Mimi tisa.

Darasa langu lina watu kumi na mmoja. Nimekaa nao kipindi kizima nikiwatazama usoni mmoja mmoja, nikiwatafuta wale wawili.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kufungasha vitabu. Nilichukua maboksi matatu, vimejaa nusu ya moja.

Mkuu wa idara kanikuta mlangoni. Kasema Mrithi alimwendea asubuhi akaomba kozi iwe moja yenye walimu wawili, la sivyo hata yeye hafundishi. Nikauliza kwa nini. Mama akanipa maneno ya Mrithi kama yalivyotamkwa: "Huyu mzee akiondoka, nitabishana na nani? Hakuna mwingine anayejua ilivyokuwa kule Ikulu."

Niligeuka nikawa nafunga boksi. Lilichukua muda kufungika. Mle chumbani kuna vumbi sana.

Halafu nikafikiri kwa kina. Mwenye kura thelathini na nane haombi muungano na mwenye tisa hivihivi. Ameiona nguvu yangu, ameogopa. Nimekubali kwa masharti: jina langu litangulie kwenye ratiba, na kila kipindi nifungue mimi. Mrithi kakubali yote bila kubisha, jambo lililozidi kunitia shaka.

Jioni nimemwandikia mkuu wa idara barua ya kurasa tatu. Nimemshukuru. Nimemshauri pia, kwa kuwa sasa tumeungana, wanafunzi wasisumbuliwe tena na habari za kura. Uchaguzi unawagawa vijana bure, na wenye uzoefu tupo.