Maduara Saba kwa Mkono Mtupu

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Nachingwea.

Leo nimeanza darasa la kuchora. Nimeanza vizuri sana, na asiyeamini shauri yake.

Wapima ardhi wanataka mtu mmoja wa kukaa ofisini kunakili ramani. Mmoja! Meza, kivuli, penseli mbili. Mwalimu Eustakio wa misheni atatufundisha wiki mbili, kila siku baada ya kazi, kisha atachagua. Tuko tisa. Wanane wanapoteza muda wao. Miaka mitatu nimebeba mnyororo wa kupimia na vigingi, Lionja mpaka Mbwemkuru, miguu imejaa miiba. Basi! Nimekwisha kumwambia mke wangu Swaumu apeleke habari kwa baba yake kule Nkowe kuwa nafasi nimepata. Huyo mkwe wangu, Mzee Amiri, huniita mbeba vijiti mbele za watu. Tuone sasa ataniitaje.

Sheria ya Mwalimu ni ya ajabu. Picha zinabandikwa ukutani, na kila mmoja anaandika nyuma ya picha ya mwenzake jambo moja jema na mawili ya kurekebisha. Mwenye picha hajitetei. Anasema asante tu. Mimi nimepangwa na nani? Gaudens, Mngoni wa Songea! Mimi Mmwera. Watani kabisa! Babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka milimani, na tangu hapo tuna ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Huyo ndiye wa kunisahihisha mimi.

Zoezi lilikuwa maduara saba kwa mkono mtupu. Bikari marufuku, rula marufuku. Gaudens ameandika kuwa jema langu ni karatasi safi. Ya kurekebisha: duara la kwanza ni muhogo, na sita yaliyobaki ni ndugu zake.

Nikasema asante. Meno yaliniuma kwa kuyasaga.

Jumanne, 7 Agosti

Nimemweleza Mwalimu, kwa heshima zote, kuwa maneno ya mtani si masahihisho bali utani, kwa hiyo ya jana yafutwe. Mwalimu akauliza kama kweli duara la kwanza halifanani na muhogo. Nikamjibu kuwa hilo silo tunalozungumza. Akaniambia nikarudie yote saba nyumbani.

Nimerudia. Nimefunika kikombe cha bati cha Swaumu juu ya karatasi, penseli ikazunguka. Mwalimu alikataza bikari na rula. Kikombe hakukitaja. Mtu akitunga sheria aitunge vizuri.

Jumatano, 8 Agosti

Balaa! Gaudens aliyatazama maduara yangu kwa muda mrefu, akageuza karatasi, akaandika. Jema: ni maduara kweli. Ya kurekebisha: yote saba yamebonyea mahali pamoja, chini kushoto, na la nne linanuka chai.

Darasa zima likacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Kumbe kikombe kina kibonyo! Swaumu anasema nilikiangusha mimi mwenyewe siku ya Idi. Hata kama. Angenikumbusha mapema.

Mwalimu hakunifukuza. Alisema tu kwamba anataka kuuona mkono wangu, hata ukikosea, maana kikombe hakitaajiriwa. Nikasema asante. Hii asante itakuja kuniua.

Ijumaa, 10 Agosti

Mtani ana haki ya kumnyang'anya mtani mwenzake. Hiyo ni desturi, sikuitunga mimi. Nimemchukulia Gaudens raba yake ya kufutia, mchana kweupe, watu wakiona. Hakuweza kununa! Alicheka, akaniambia niitunze kwani nitaihitaji kuliko yeye.

Tulikuwa tunachora chungu. Bila raba, Gaudens alienda polepole, akikitazama chungu mara kumi kabla ya kuweka mstari mmoja. Chungu chake kikatoka kizuri kuliko vyote. Mimi, mwenye raba mbili, nimetoboa karatasi.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimezinduka. Kama yeye ananiandikia, na mimi namwandikia! Nitamwandikia makosa mpaka aogope penseli. Shida ni moja: kosa la kubuni Mwalimu atalijua. Lazima nitafute la kweli.

Nilikitazama kile chungu kwa chuki karibu saa nzima. Nikalipata. Mdomo kauchora kama mtu aliyesimama akiangalia ndani, lakini kitako kakinyoosha kama mtu aliyelala sakafuni. Tena kivuli kakiweka upande wa dirishani, mwanga unakotoka! Nikaandika yote kwa herufi kubwa. Nikaona raha, nikamwandikia na jirani yake, halafu na wa pili. Mpaka tunatawanyika nilikuwa nimewakomesha wote wanane. Penye jambo jema nilimwandikia kila mmoja kuwa amejitahidi.

Jumanne, 14 Agosti

Gaudens amerekebisha. Kitako kimepinda, kivuli kimehama, chungu kimetulia mezani utadhani kina maji. Akanishukuru! Kwa sauti! Wengine nao wakaniletea karatasi zao niwatazamie. Wananikejeli, nawajua. Nikawaonyesha makosa mengine ili wakome. Wakasema asante, wakaenda kurekebisha.

Kesho hakuna darasa, kuna sikukuu misheni. Afadhali nipumzike na hawa watu.

Alhamisi, 16 Agosti

Kiti kimefika. Mzee Amiri amekituma kutoka Nkowe, kimefungwa nyuma ya baiskeli. Mninga mtupu! Amekichonga mwenyewe, eti mkwe wake asikalie kiti cha watu huko ofisini. Salamu zake hazikutaja vijiti hata mara moja. Swaumu alilia kwa furaha. Mimi jasho lilinitoka.

Zoezi la mwisho ni kitu chochote cha nyumbani. Nikachora kiti. Gaudens akaandika kuwa jema ni kwamba kiti kinaonekana kimependwa. La kurekebisha: fundi alitengeneza miguu minne, mimi nimechora mitatu na mkia. La pili: niutazame huo mguu wa nyuma mahali unapogusa chini, nitaona mwenyewe.

Nilitazama. Tangu hapo sioni mguu, naona mkia tu. Imeniuma, sifichi. Lakini sikufuta kitu. Mngoni hawezi kuniamulia miguu ya kiti cha mkwe wangu.

Ijumaa, 17 Agosti

Amechaguliwa Gaudens. Nilisimama kuondoka, Mwalimu akaniambia nikae.

Akageuza karatasi zote, akasoma za nyuma. Akasema wanane wamechora vizuri zaidi kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nikadhani nasikia vibaya. Wanafunzi wapya wanakuja kutoka Ruangwa, na anataka msaidizi wa kutazama michoro yao na kuandika nyuma. Ofisini, mezani, mkabala na Gaudens. Kivulini!

Sharti ni moja. Jumatatu nilete maduara saba ya mkono mtupu, hata yawe mihogo. Gaudens ayaandikie mbele ya darasa, nami nisijitetee. Mwalimu anasema wanaoanza hawatayapokea maneno yangu wakiona mimi siyapokei ya mwenzangu. Nikikataa, Jumanne narudi kwenye mnyororo.

Jumapili, 19 Agosti

Nimechora kwa mkono mtupu. Haki ya Mungu nimejaribu! Sita ni mihogo. La saba limekaribia, na Swaumu akasema ni zuri, nipeleke hivyo hivyo.

Mihogo sita mbele ya Gaudens? Thubutu!

Alipotoka Misa nikamtembelea. Akanikaribisha chai. Nikainywa, nikaondoka na kikombe. Utani! Alibaki mlangoni akicheka. Nimekikagua nje na ndani: hakina kibonyo hata kimoja. Kina pengo dogo tu ukingoni, karibu na mkono wa kushikia. Nimekifuta chai mara mbili. Mtu hawezi kusema sijifunzi.

Maduara saba, safi kabisa. Swaumu ameyatazama, akauliza mbona yote yameng'oka jino mahali pamoja. Nimemwambia yeye hajasomea kuchora. Kesho Gaudens aandike anachotaka.

Kiti cha kukalia ofisini nimeshakifunga kwenye baiskeli.