Utawala Wangu wa Alasiri Moja

Siku ya Mirihi, Desemba 14

Shangazi Rektina, naapa kukuandikia yote kwenye vibao hivi vya nta, hata ya aibu. Baba amesema sikukuu ya mungu Saturni ikiisha, shule basi. Nimetimiza miaka kumi na miwili, nikae nyumbani nisokote sufu. Nililia. Kisha nikakumbuka: mfalme wa sikukuu hupatikana kwa dadu, na nyumba nzima humtii mpaka taa ziwashwe. Hata Baba! Nikiwa malkia nitaamuru nirudi shuleni. Amri moja tu.

Leo mwalimu alituuliza kama mtu mwema akipewa madaraka hubaki mwema. Niliandika ndiyo, mistari kumi. Alinisifu.

Siku ya Utaridi, Desemba 15

Dadu za haki haziaminiki. Nimemwomba Hedone, mpishi wetu, anitafutie zilizotiwa madini ya risasi upande mmoja, ziangukie sita. Akauliza, "Na mimi napata nini, bibi mdogo?" Nikamwahidi kwamba Baba atamwoshea masufuria. Kumbe kaka yangu Numeri yuko nyuma ya mlango! Nimemziba mdomo kwa ujemadari na maandazi yote ya asali. Bawabu naye kasikia. Sasa ni seneta.

Sijaanza kutawala, na vyeo vimekwisha.

Siku ya Zuhura, Desemba 17

Sita, sita, sita! Malkia! Nilikalishwa kwenye kiti cha Baba, taji la majani kichwani. Ahadi kwanza: Baba aliosha masufuria, masizi mpaka puani. Jemadari alimaliza maandazi, akacheua mbele yangu. Nikamfukuza jeshini, nikamfanya dubu. Watu walicheka mno!

Basi nikaamuru nyimbo za kusifu nywele zangu. Tisa. Wa bawabu ulikuwa mfupi, nikamvua useneta. Hapo ndipo nilipokumbuka shule. Nikakohoa, nikaanza, "Sasa naamuru Baba..."

Bawabu alikuwa ameshawasha taa. Zote! Jua bado lipo ukutani!

"Shuka, malkia," Hedone akasema. "Kiti kina mwenyewe."

Dubu akanguruma.

Siku ya Zohali, Desemba 18

Baba ameniuliza nilitaka kuamuru nini jana. Nikamweleza, kwikwi tupu. Akasema, "Si ungeniomba tu, mwanangu?" Sikuwa nimelifikiria hilo.

Sasa anataka insha: utawala umenifunza nini? Ikimridhisha, narudi shuleni. Nimeandika ukweli mtupu: madaraka huharibu watu, hasa Numeri na bawabu. Malkia mwenyewe alibaki mwema.

Anaisoma sasa hivi, kakunja uso. Au anazuia kicheko? Kwa tahadhari tu, nimemwambia nakala ilikufikia asubuhi, nawe ukalia.

Shangazi, akikuuliza, utasema ulilia? Nijibu kwa mjumbe huyu huyu, yuko mlangoni kwako anasubiri.