Kahawa ya Wageni Kwenye Kituo cha Watoto

Leo nimejiaibisha mbele ya Serikali. Siyo mbele ya mtu mmoja wa Serikali. Idara tatu kwa mpigo!

Naandika mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine, maana habari za mtaa wetu wa Hamugembe hazisubiri bodaboda.

Kwa wasionijua: mimi ni Deo, mkubwa wa watoto wanne. Wazazi wetu walitangulia. Niliacha shule kidato cha pili nikashika nyumba. Wadogo zangu wawili wanasoma. Wa mwisho, Koku, ana miaka mitatu na ana maneno kuliko sisi wote tukiunganishwa. Alfajiri mimi hupakua mikungu ya ndizi sokoni, na huwezi kupakua mikungu huku mtoto amening'inia kwenye suruali yako. (Nimejaribu. Suruali haikupona.)

Mtaani kwetu kuna kituo cha kulelea watoto mchana. Ni cha wananchi, bei yake nafuu kwa sababu wazazi tunapeana zamu za kusaidia. Familia kama yetu inaweza kupewa nafasi bila malipo kabisa, ila maofisa lazima waje wakuone kwanza, waridhike kwamba mtoto yuko kwenye mikono salama. Wasiporidhika, Koku anahamia kwa shangazi, Nshamba, kule Muleba. Shangazi ni mtu mwema na maziwa yapo. Lakini siku ya msiba tuliahidiana sisi wanne kwamba hatutawanyiki. Kwa hiyo nafasi hii nilikuwa naitaka kwa roho yote.

Kuipata sasa! Nilianza Ustawi wa Jamii. Wakasema kituo kile kiko chini ya Maendeleo ya Jamii. Maendeleo wakasema mtoto apite Afya kwanza. Afya wakampima Koku, wakampa dawa ya minyoo, wakanirudisha Ustawi. Nilizunguka mpaka mlinzi wa getini akawa ananiuliza hali ya nyumbani. Mwisho nikaambiwa mambo yamebadilika, siku hizi idara zote zinafanya kazi pamoja, kuna uratibu. Nikasema asante sana. (Sikuelewa. Lakini niliisema kwa sauti ya mtu aliyeelewa.)

Kumbe uratibu maana yake ni kwamba watakuja wote siku moja. Leo. Siku ya zamu yangu ya kwanza!

Basi nikafika na Koku, nimevaa shati la kanisani, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ikakaushwa. Shangazi aliituma mahsusi. Nyumbani kwa baba hakuna mgeni aliyekaa kitini bila kupewa kahawa ya kutafuna. Sasa wageni wanakuja kuamua maisha ya mdogo wangu, niwapokee mikono mitupu?

Ma Adela, mlezi mkuu wa kituo, alinipokea mlangoni.

"Deo, wageni watafika saa nane, watoto wakiwa wamelala. Nataka wakute kimya. Kimya cha kanisani!"

"Sawa, Ma."

"Na hicho kikapu?"

"Kahawa ya wageni, Ma."

"Eeh! Kweli umelelewa. Weka mezani."

Mezani. (Naomba hilo mlikumbuke. Mezani ni yeye aliyesema.)

Kosa ni kwamba kile ni kituo cha watoto. Meza yake inanifika gotini. Mimi nikaweka kikapu, nikatoka uani kuosha vikombe vya uji, na Ma Adela akaenda kwa jirani kuazima viti vya watu wazima.

Niliporudi, ndani kimya. Watoto wamekaa kwenye mkeka, duara zuri. Nikajisifu moyoni. Nikasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii, wanawake wanatutisha tu.

Kisha nikamwona Koku. Amepiga magoti katikati ya duara, kikapu amekishika kwa mikono miwili kama bibi mwenye nyumba.

"Karibu akamwani, waitu," anamwambia mwenzake, kwa Kihaya cha heshima kabisa.

Yule anapokea kwa mikono miwili, anainamisha kichwa kushukuru. "Wakola."

Anaenda kwa mwingine. "Karibu akamwani, waitu."

"Wakola."

Walikuwa wanacheza wageni! Adabu yote ya Kihaya ilikuwepo, hakuna aliyeruka zamu, hakuna aliyekataa. Nilisimama pale nikiwa nimeguswa kabisa. Watoto wetu hawa! Mila haipotei! Akili ilifika baadaye kidogo, inahema.

"Temeni! Temeni wote!"

Wengine wakatema. Wengine wakaniangalia wakitafuna polepole, kama wazee wanaomsikiliza kijana asiye na hoja. Nikazunguka na kikombe cha maji na kidole, nachokonoa mdomo baada ya mdomo. Nilipata nyingi. Zote sikuzipata.

Ma Adela akarudi na viti. Nikamweleza. Akaketi kwenye kimojawapo.

"Deo."

"Ma."

"Walaze. Mimi nawasubiri wageni nje."

Jamani, mmewahi kumlaza mtoto aliyetafuna kahawa? Nikimlaza huyu, yule anaruka. Nikimkamata yule, huyu yuko dirishani anaimba. Mmoja aliuzunguka mkeka mbio mpaka nikapata kizunguzungu kwa niaba yake. Nikaimba nyimbo zote ninazozijua, wakazicheza!

Ndipo nikapata wazo. (Mawazo yangu mngeyafungia.) Nikasema niwaonyeshe mfano. Nikalala chali mkekani, nikafumba macho, nikasema, "Tazameni Kaka Deo anavyolala."

Wakatazama.

Kumbukeni mimi niliamka usiku usiku kwenda kupakua ndizi. Kahawa sikuigusa hata punje. Na ule mkeka, ndugu zangu, ule mkeka ni laini.

Nilichosikia baadaye ni sauti ya mwanamke, nzuri, ya kiofisi.

"Na huyu ana miaka mingapi?"

Nikafumbua jicho moja. Viatu. Viatu vingi vya watu wazima, vimepigwa kiwi. Kituo kizima kinaruka kama chungu cha maharage, na aliyelala ni mmoja tu. Mtoto mmoja alikuwa amenikalia tumboni anaendesha bodaboda. Bodaboda ni mimi! Kichwani nimefunikwa kanga, na Koku amekaa pembeni ananipigapiga bega taratibu.

"Shii!" anawaambia Serikali. "Msimwamshe. Amechoka."

"Amechoka na nini?" akauliza yule dada wa Ustawi.

"Ndizi."

Nikainuka na kutaka kusalimia, mate yamekauka shavuni. Ma Adela ikabidi aeleze habari ya kahawa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

"Hili ni langu," akasema bwana wa Afya. "Kijana, ingeweza kuwapalia! Unajua?"

"Najua, mzee."

"Hapana, kulala kwenye zamu ni suala la Ustawi," akasema yule dada.

"Zamu za wazazi ziko kwetu," akasema wa Maendeleo.

Wiki nzima nimezunguka hakuna ofisi inayonitaka. Leo wananigombania!

Wakatoka uani kushauriana. Mimi nikabaki na Koku mapajani, moyo unapiga kama nimetafuna kikapu kizima. Nilikuwa naona kabisa gari la kwenda Nshamba, na mfuko wake mdogo wa nguo. Walikaa huko sijui muda gani. Dada wa Ustawi akarudi peke yake, akachuchumaa mbele ya Koku.

"Nani alikufundisha kumfunika mtu aliyelala?"

Koku akamshangaa. "Si Kaka? Kila siku ananifunika hivyo."

Yule dada akainuka, akanigeukia.

"Koku atabaki," akasema. "Nafasi ameipata. Wewe zamu zako zitakuwa za kuni na maji. Nje. Ndani ya mlango huu usiingie na chakula wala kitu cha kutafuna."

Nilitaka kusema asante, ikatoka sauti nisiyoijua. Mzee wa Afya, aliyeingia nyuma yake, alishakiinamia kikapu na anatafuna zilizobaki.

Njiani shangazi akapiga simu.

"Waitu, wageni waliipenda kahawa?"

"Waliimaliza, shangazi."

"Wageni gani hao wazuri! Na mtoto?"

"Anabaki kwetu."

Akamshukuru Mungu. Kisha akasema, "Basi nitatuma nyingine."

"Hapana, shangazi!"

Hadi naandika hapa, sijaelewa kama nimefaulu au nimeshindwa. Ila Ma Adela alipiga picha kabla sijaamka, na sasa iko kwenye grupu la kata. Aliyelala chali ni mimi, na soksi yenye tundu ni yangu. Mtakaocheka, chekeni polepole. Koku amenilaza tena, na safari hii hataki kelele.