Uhamisho wa Taka za Utawala

"Hivi wewe mama, una ugomvi gani na mwanao, hata kila asubuhi ubebe taka za ofisini ukazimwage bwenini kwake?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu mshonaji. Sikumlaumu. Hakuwa amesoma tangazo.

Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango wa chuo, mihuri mitatu: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasoma Utangulizi wa Mazingira, na kwa vitendo atapima taka za kila jengo na kuandika kilichomo. Jengo litakaloongoza kwa uchafu litaadhibiwa. Jengo la Utawala litakuwa mfano.

Huo mfano ndio ulioniongezea kazi. Mimi ni mfagizi wa Utawala, mjane, niliishia darasa la saba, ila macho Mungu kanijalia. Mkuu wa Chuo aliniita, akasema kwa upole:

"Mama, taka za Utawala hazitupwi. Zinahamishwa kituo."

"Kwenda wapi, mkuu?"

"Bweni la wasichana. Kabla wapimaji hawajafika."

Nikamwambia binti yangu analala humo, tena ndiye mwandishi wa vipimo. Akafurahi. "Vizuri sana. Zitapokelewa na ndugu."

Nikahamisha. Kila siku, nikishamaliza sala, mifuko sita. Wanafunzi wakija na mizani yao, Utawala: sifuri. Wiki ya tano, sifuri. Mkuu akajitunuku cheti, akakitundika ukutani. Karatasi iliyokifunga nayo nikaihamisha.

Wiki ya tisa hukumu ikatoka: wasichana wote warudie somo, na Ijumaa wawe wamehama bweni. Binti yangu akanijia akilia.

"Mama, nitalala wapi? Nimemwambia mwalimu taka si zetu. Eti kwa mujibu wa mwongozo, taka ni mali ya mahali zilipokutwa!"

"Wewe andika tu kilichomo," nikamwambia. "Mwenyezi Mungu anasoma."

Alhamisi akaja mkaguzi kutoka wizarani. Mimi nikiwa mlangoni na ufagio, Mkuu akamwonyesha cheti, kisha pipa tupu.

"Hata karatasi moja?" mkaguzi akauliza.

"Hata moja!"

"Bahasha je? Kalamu iliyokwisha wino?"

"Tangu muhula uanze, mheshimiwa, safi kabisa!"

Mkaguzi akaandika taratibu, akasoma alichoandika: "Watumishi kumi na tisa. Wiki tisa. Hakuna kazi iliyofanyika. Ofisi ifungwe."

Mkuu akadakia: "Kazi ipo! Ipo tele! Taka zetu ziko bwenini!"

"Zipi?"

"Zote! Muulize huyu mama!"

"Ni kweli, mama?"

"Kweli tupu, mwanangu. Zilihamishwa kwa utaratibu."

Palepale mkaguzi akaifuta adhabu ya wasichana. Kisha akaagiza aitwe mwandishi wa vipimo, aje asome ushahidi wa kazi za Utawala. Mkuu akakaa vizuri kitini. Binti yangu akaja, akafungua daftari, akasoma kama wanavyosoma darasani:

"Wiki ya kwanza. Maboksi ya keki, kumi na mawili. Magazeti tisa, chemshabongo zote zimejazwa. Bahasha mia moja na nne, juu zimeandikwa: Bweni la Wasichana, Ombi la Pipa la Taka. Hazijafunguliwa."

"Wiki ya pili," mkaguzi akasema.

Mkuu akachukua koti lake, akatupita pale mlangoni, akatoka.